Swali la pili huja kwa Kiswahili

Najua niliahidi makala kuhusu hifadhidata na namna ya kuziwekea nakala, lakini hifadhidata zitangoja. Leo nataka kuandika kuhusu wanafunzi wa huku kwetu, Kericho na Bomet, na maswali yao ya historia ya dunia. Msikimbie, kompyuta imo ndani.

Kwa wageni: mimi huandika programu, ndiyo riziki yangu. Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, nikakaa Nairobi kidogo, kisha nikarudi Litein kwa sababu kazi yangu inataka stima na intaneti tu. Vyote viwili viko Litein, isipokuwa mvua ikinyesha, na huku mvua hunyesha karibu kila alasiri. Wikendi na siku za likizo nina kazi nyingine isiyonilipa. Wanafunzi wa sekondari hutuma maswali yao kwa arafa kwenye nambari fupi tunayochangia na watu wengine. Programu niliyoandika huzipokea na kuzipanga, na walimu watatu (wawili wamestaafu, mmoja bado yuko darasani) huzijibu wakiwa nyumbani kwao. Ni hivyo tu. Hakuna picha, hakuna video, hakuna kupakua chochote.

Mtu atauliza, kwa nini arafa zama hizi za simu za kupangusa? Kwa sababu simu yenyewe ni kabambe ya mama. Mama yuko shambani anachuma chai tangu asubuhi, simu iko naye, na mtoto huipata jioni baada ya chakula, kama ina salio na kama haijazima. Wanaosoma shule za bweni hawaruhusiwi simu kabisa, kwa hivyo maswali yao hutufikia likizo kama mafuriko ya Aprili. Na wazo la kufundisha kwa arafa si langu. Eneza Education ya Nairobi walianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakashirikiana na Safaricom, na mtoto mwenye simu ya kawaida aliweza kubonyeza *291#, akapata masomo na hata kumwuliza mwalimu swali. Sisi ni wadogo sana tukilinganishwa nao. Tofauti yetu ni kwamba walimu wetu wanajua Mogogosiek iko wapi.

Nilipoanza nilitarajia Hesabu na Kemia. Zilikuja, kweli. Lakini historia ya dunia ilikuja kwa wingi nisioutarajia, na sababu yake ni rahisi. Katika KCSE, Historia na Serikali ina karatasi mbili. Ya kwanza ni Kenya. Ya pili, 311/2, ni dunia nzima: biashara ya watumwa, Mapinduzi ya Viwanda, mkutano wa Berlin, vita viwili vya dunia, Shirikisho la Mataifa, Umoja wa Mataifa, Vita Baridi. Mambo ya Kenya mtoto anaweza kumwuliza babu. Mambo ya Sarajevo atamwuliza nani? Kitabu ni kimoja kwa wanafunzi kadhaa, na siku ya zamu yake kimeenda nyumbani na mwingine. (Mfumo huu wa 8-4-4 unamalizika. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga KCSE mwaka 2027. Lakini hao bado wako shuleni, na bado wanauliza.)

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukitazama arafa hizi zikiingia utaona zina desturi yake. Ya kwanza huja kwa Kiingereza cha mtihani, imenakiliwa neno kwa neno kutoka ubaoni: taja sababu tano, eleza athari sita. Huwezi kujua nani kaandika, maana kila mtoto anaandika vilevile. Halafu baada ya dakika mbili tatu, kutoka nambari ileile, inaingia ya pili. Hiyo huwa kwa Kiswahili, au Kiswahili kilichochanganyika na Kipsigis, bila nukta wala herufi kubwa. Na hiyo ya pili ndiyo swali la mtoto mwenyewe.

Mfano. Arafa ya kwanza: taja sababu za mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Ya pili: kwani hakukuwa na mwafrika hata mmoja hapo ndani? (Hakukuwa.) Mfano mwingine. Ya kwanza: eleza kwa nini Shirikisho la Mataifa lilishindwa. Ya pili: ethiopia si ilikuwa member, sasa mbona waliachwa? Hilo swali ni zito kuliko la mtihani. Ethiopia iliingia katika Shirikisho mwaka 1923, Italia ikaivamia Oktoba 1935, na Juni 1936 Haile Selassie akaenda Geneva mwenyewe akahutubia mkutano. Mwanachama alivamiwa na mwanachama mwenzake, na waliobaki hawakumwokoa. Ukilijibu swali la pili vizuri, la kwanza limejijibu nusu.

Nilipoliona hilo niliandika msimbo wa mistari michache. Arafa mbili zikitoka nambari moja ndani ya dakika kumi, programu inazifunga pamoja na kumpelekea mwalimu mmoja kama mazungumzo, badala ya kuziweka kwenye foleni kama maswali ya watu wawili. Si kazi ya kujivunia mbele ya wanaprogramu wenzangu. Lakini kati ya yote niliyoandika kwenye mradi huu, hilo ndilo lililobadilisha majibu.

Kwa wapenda ufundi, kuna kisa kidogo cha arafa. Arafa moja ni baiti 140. Ukiandika kwa herufi za kawaida za GSM, kila herufi inachukua biti 7, unapata herufi 160. Ukiingiza herufi moja tu isiyokuwemo kwenye orodha hiyo ya GSM, arafa nzima inageuzwa kuwa ya biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Herufi inayoleta balaa hilo huku kwetu ni ipi? Ile alama ya ritifaa iliyopinda. Simu na kompyuta za kisasa hupenda kuipinda zenyewe bila kuulizwa. Sasa fikiria eneo ambalo kila darasa lina Lang'at, Ng'eno na Ng'etich. Mwalimu akimtaja mwanafunzi kwa heshima kwenye salamu, jibu la arafa moja limekuwa la arafa tatu, na kila arafa inalipiwa. Programu yetu huinyoosha kila ritifaa kabla ya kutuma. Nawapa bure, mkichukue.

Haya, turudi kwa historia. Mwalimu wetu mkubwa ni mama mmoja mstaafu, alifundisha somo hili miaka mingi na amesahihisha mtihani wa kitaifa. Mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita kijana, na tumebishana sana. Mimi nilitaka tuanze na swali la pili, lile la mtoto. Yeye akasema, “Kijana, huyu anatafuta alama kumi na mbili. Mpe kwanza alama zake, halafu mwongeleshe.” Sehemu ya pili na ya tatu ya karatasi zina maswali ya alama 15 kila moja, na mara nyingi 12 kati ya hizo ni za kueleza hoja sita. Hoja iliyotajwa bila maelezo haipati alama zake zote. Ikielezwa, inazipata. Nikamwuliza, je, mtoto akieleza hoja kwa mfano wa Kericho? Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha. “Mfano ni mfano. Hoja ikiwa sahihi na mfano ukiwa wa kweli, msahihishaji atakataa kwa nini?”

Tangu siku hiyo majibu yetu yana umbo la Mwalimu: alama kwanza, kisha mstari mmoja wenye kuonyesha jambo hilo lilipopita hapa kwetu. Na kusema kweli, mstari huo si wa kutafutwa kwa tochi. Wageni wakija Kericho hupiga picha kijani kibichi kilichonyooka kama zulia, wakafikiri kimekuwa hapo tangu Mungu aumbe vilima. Hata watoto waliozaliwa katikati yake hudhani hivyo.

Chukua swali linaloulizwa kuliko mengine: athari za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi anajua ataandika kwamba himaya zilianguka, mkataba ukatiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919, Shirikisho likaundwa 1920. Vizuri. Lakini mwaka huohuo wa 1919 serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa ardhi ya Kenya kwa askari Wazungu waliotoka vitani, mashamba mengine kwa bahati nasibu, kura zikipigwa Nairobi na London. Na hapa Kericho zilitengwa ekari 25,000 kwa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani. Wakipsigis waliokuwa wakitumia ardhi hiyo hawakuombwa. Maafisa hao walikuja kulima kitani, mmea wa nyuzi. Mbona kitani? Kwa sababu mabawa ya ndege za vita hivyo yalifunikwa kitambaa cha kitani, na nchi zilizokilima kwa wingi, Urusi na Ubelgiji, zilikuwa zimesambaratishwa na vita vyenyewe. Bei ilikuwa juu mawinguni. Kisha vita vimekwisha, bei ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mradi wa maafisa ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 ikaingia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay. Hivyo ndivyo zulia lilivyotandikwa.

Kwa hivyo mtoto wa Kericho anayeuliza “athari za Vita vya Kwanza” anauliza habari za kijiji chao, ila hajaambiwa. Mwalimu aliandika jibu la nyongeza hivi, herufi 152, nimezihesabu pamoja na nafasi:

Vita 1914-18: himaya 4 zilianguka (Ujerumani, Austria-Hungary, Urusi, Uturuki). Kericho: 1919 maafisa Waingereza walemavu wa vita wakapewa ekari 25,000.

Kijana mmoja wa Kidato cha Nne alijibu kwa neno moja: wapi? Alitaka kujua ni ekari zipi. Ni swali ambalo watu wazima wamelipeleka mbali sana. Kuna ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliutungia sheria yake pekee mwaka 1934 na kuuhamishia Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mamia ya watu pamoja na wazee na watoto. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Kwa hiyo kijana wetu ameuliza kwa neno moja jambo ambalo mawakili wameliandikia majalada.

Najua wengi wenu mnangoja niseme habari za akili unde. Ndiyo, nimejaribu. Likizo moja nilichukua programu moja maarufu ya aina hiyo (sitaitaja, zote ni ndugu) nikaifanya iandike rasimu za majibu, mwalimu asahihishe na kutuma. Kwa mambo ya Versailles na Sarajevo ilifanya kazi safi, haraka kuliko sisi wote. Kwa Kericho ilitupa jibu lenye ufasaha wa mhubiri: kwamba maafisa wale walemavu walikuja 1919 wakaanzisha kilimo cha chai. Mwalimu alisoma akacheka. “Kitani, kijana. Walipanda kitani.” Unaweza kusema ni kosa dogo, neno moja tu. Mimi sioni hivyo. Ukiondoa kitani umeondoa mabawa ya ndege, umeondoa Urusi na Ubelgiji, umeondoa bei kuanguka, na hujaacha sababu yoyote ya ardhi kuhama kutoka kwa askari kwenda kwa kampuni. Kinachobaki ni hadithi ya watu waliokuja wakapanda chai, basi. Jambo ambalo limeandikwa mara chache kwenye intaneti, mashine hulijaza kwa linalofanana na ukweli. Na mtoto wa Konoin mwenye salio la shilingi tano hana namna ya kulinganisha. Rasimu tunazitumia bado kwa mambo ya Ulaya. Kwa mambo ya huku, Mwalimu anaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja.

Kabla sijaendelea, moja ya kuwafurahisha mnaopenda kompyuta. Mtihani huo unagusa pia uvumbuzi na mawasiliano, na mwanafunzi mmoja akauliza nani alianza kutumia kompyuta kwa kazi za kawaida, si za vita. Hapo nilimwomba Mwalimu aniachie nijibu mimi. Ni kampuni ya chai! J. Lyons ya Uingereza, waliokuwa na migahawa ya chai na keki kila pembe ya London, walijitengenezea kompyuta yao wakaiita LEO, na mwaka 1951 ikaanza kufanya hesabu za biashara, kwanza za viwanda vyao vya mikate na keki. Ilikuwa na vali za umeme karibu 6,000 na ilijaza chumba. Miaka michache baadaye ilipanga pia oda za migahawa yao. Kwa hivyo mashine ya kwanza ya ofisini duniani ilizaliwa ili watu wapate chai na mkate kwa wakati. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa chuo nilikuwa nimekaa na kikombe mkononi, na hakuna mhadhiri aliyewahi kututajia. Mwanafunzi alijibu: sawa mwalimu ilikuwa na whatsapp?

Sasa swali ambalo ndilo lililonifanya niiache hifadhidata leo.

Likizo ya Agosti iliyopita iliingia arafa kutoka upande wa Konoin, msichana wa Kidato cha Tatu. Ya kwanza, ya mtihani: eleza athari za Mapinduzi ya Viwanda kwa wafanyakazi wa Ulaya. Mwalimu akatuma hoja zake sita: kuhamia mijini, makazi duni, saa ndefu, ajira ya watoto, ufundi wa mikono kufa, vyama vya wafanyakazi kuanza. Ya pili ikaja kabla jibu halijafika: wale walichoma mashine hapa kericho ni kama wale wa uingereza ama hao walikuwa wahalifu tu?

Nadhani inabidi nieleze kwa wasomaji wa mbali. Kwenye mashamba makubwa ya chai mashine za kuchuma zimeingia kwa miaka mingi sasa. Mashine moja na watu wachache hufanya kazi ya wachumaji wengi wa mikono. Chama cha wafanyakazi kimepinga, kesi zimekwenda mahakamani, migomo imekuja na kupita. Mei 2023 waandamanaji waliingia mashambani Kericho wakachoma mashine hizo, wakapambana na polisi, na mwandamanaji mmoja akafa. Kila mtu huku ana maoni yake. Mwenye shamba dogo anayeuza majani mabichi kwenye kiwanda cha Kapset au Mogogosiek anaweza kukuambia kuchoma mali ni ujinga. Aliyepoteza kibarua cha kuchuma, na nyumba ya kambini pamoja nacho, hatakuambia hivyo.

Nikasoma swali lile kwenye skrini yangu nikajua si la mtihani tena. Na nilikuwa na hofu kidogo, lazima niseme. Mimi ni mtu wa mashine. Ninachofanya kila siku ni kuandika vitu vinavyopunguza watu kwenye kazi fulani, hata kama kazi hiyo ni ya karani wa Nairobi na si ya mama wa Konoin. Nilitaka kumwambia Mwalimu alijibu kwa upole na kupita. Hakunipa nafasi.

Alituma arafa tatu mfululizo. Alieleza kwamba kuanzia mwaka 1811, Nottinghamshire na majimbo ya jirani, mafundi wa soksi na nguo walivunja mashine usiku, wakisema wanafuata jenerali mmoja aitwaye Ned Ludd ambaye pengine hakuwahi kuwepo. Kwamba hawakuwa watu wasiojua mashine. Walikuwa mafundi, wakizitumia kila siku, na ugomvi wao ulikuwa juu ya ujira na nani anafaidi. Kwamba mwaka 1812 Bunge lilipitisha sheria ya kifo kwa kuvunja mashine za kufumia, na mshairi Byron akasimama katika Baraza la Malodi kuipinga, akashindwa. Kwamba Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York. Mwisho akaandika: mahakama iliwaita wahalifu. Vitabu sasa huandika pia kwa nini walifanya. Kwenye mtihani andika “ufundi wa mikono ulikufa, wafanyakazi wakapinga”, na mfano wako unaujua.

Hakusema kuchoma ni sawa. Hakusema si sawa. Nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini hakumwambia msichana jibu lenyewe. Akasema, “Ameuliza kama wanafanana. Nimemwonyesha wanavyofanana. Hilo lingine si la mwalimu.”

Nusu saa ikapita. Kisha arafa ya tatu kutoka nambari ileile, na hii ilikuwa tofauti, imeandikwa kwa utaratibu, na nukta zake mahali pake: Asante Mwalimu. Mimi ni mama yake. Nimesoma yote. Je wale wa Uingereza walirudishiwa kazi?

Simu ni ya mama, si niliwaambia. Ndani ya programu yangu mtumaji ni nambari, na nambari ni mwanafunzi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba swali hili ni la mzazi. Programu ikalifunga pamoja na mengine mawili, likampelekea Mwalimu.

Mwalimu alikaa nalo muda mrefu. Najua kwa sababu programu huonyesha swali limefunguliwa saa ngapi. Angeweza kuandika mambo mengi ya kutia moyo, na huku watu ni hodari wa kutia moyo. Aliandika: La, mama. Kazi ile ya mikono haikurudi, watoto wao wengi waliingia viwandani. Lakini mwaka 1824 sheria iliyokataza vyama vya wafanyakazi ilifutwa, na 1833 ikaja sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa kwenye viwanda vya nguo, na wakaguzi wa serikali.

Tulidhani imekwisha. Mvua ilikuwa imeanza, stima ikapotea kidogo na kurudi, nikawa naangalia kama seva imeamka. Karibu saa tatu usiku ikaingia nyingine.

Kutoka 1811 mpaka hiyo sheria ya vyama ni miaka mingapi?

Mwalimu alimtumia 13. Tarakimu mbili tu, bila salamu. Arafa ya tarakimu mbili inalipiwa sawasawa na ya herufi 160.